Templeti iko sawa ila skripti imekufa: JavaScript iliyoandikwa na seva unaikagulia wapi

Kuna kosa la JavaScript ambalo linawapotezea watu siku nzima, na wala siyo gumu, shida ni kwamba wanalitafuta mahali ambapo halipo. Naongelea ile JavaScript ambayo mtu kaandika nusu na nusu nyingine kaimalizia seva. Uko kwenye Django, Rails, Laravel, ASP.NET, JSF au fremuweki nyingine yoyote ya kujengea tovuti, unachomeka kipande cha skripti ndani ya templeti (kiolezo ambacho seva inakijaza na kutoa ukurasa), fremuweki inajaza majina na namba kutoka kwenye databesi, ukurasa unaenda kwa mtumiaji, batani inagoma. Unarudi kwenye templeti unaisoma, iko sawa. Unaisoma tena, iko sawa. Unaanza kuishuku brauza.

Ngoja nieleze kwa tukio lililonifungua macho. Niliitwa kuangalia mfumo wa kusajili wanachama wa taasisi moja, malalamiko yao ni kwamba batani ya Hifadhi haifanyi kazi, lakini kwa watu wachache tu, na hao wachache hata wakihamia kompyuta nyingine bado inagoma, wakati mwenzao kwenye kompyuta hiyohiyo anahifadhi vizuri. Hiyo peke yake ni dalili kubwa, maana inakuambia ugonjwa unamfuata mtu, haufuati mashine, na kitu kinachomfuata mtu ni data zake. Nikaomba niingie kwenye ukurasa wa mmoja wao, nikafungua konsoli, ile sehemu ya brauza inayoonyesha makosa ya JavaScript, nikakuta maandishi mekundu mawili. La kwanza `Unexpected identifier 'ombe'`, mstari wa 214. La pili lilitokea nilipobonyeza batani, `hifadhi is not defined`. Waliohangaika kabla yangu wote walikimbilia lile la pili, wakawa wanajiuliza kwa nini fankisheni ya `hifadhi` (kipande cha msimbo chenye jina hilo) haipo wakati wanaiona kwa macho yao kwenye faili. Na templeti yenyewe ilikuwa na mistari 90 tu, sasa mstari wa 214 umetoka wapi?

Umetoka kwenye kile kilichofika kwenye brauza. Brauza haijawahi kuiona templeti yako na haitaiona, inachokijua ni maandishi yaliyotumwa, na inahesabu mistari ya hayo maandishi. Nikaenda mstari wa 214 wa kilichotumwa, ukawa hivi:

`var kazi = 'Mfugaji wa ng'ombe';`

Kwenye templeti ulikuwa hivi:

`var kazi = '<?php echo $kazi ?>';`

Umeona? Ile apostrofi ya ng' imefunga stringi (maandishi yaliyo kati ya alama za nukuu) katikati ya neno, kilichobaki ni `ombe` kinachoning'inia peke yake, brauza haielewi ni nini. Na hapa kuna jambo ambalo ukilishika utaokoa muda mwingi sana: brauza inasoma boksi zima la skripti, yaani kila kilicho ndani ya tagi moja ya script, kabla ya kuanza kulitekeleza, kwa hiyo kosa la kisarufi kwenye mstari mmoja linaua boksi lote, pamoja na fankisheni ya `hifadhi` iliyoandikwa mistari 40 chini yake ikiwa haina kosa lolote. Maboksi mengine ya skripti kwenye ukurasa huohuo yanaendelea kama kawaida, ndiyo maana menyu ilikuwa inafunguka, kalenda inafanya kazi, batani moja tu imekufa. Kwa hiyo konsoli isome kuanzia juu, jekundu la kwanza ndilo lenye habari, yanayofuata mara nyingi ni vilio vya waliofiwa.

Sisi tunaoandika Kiswahili tunakutana na hii kuliko wengi kwa sababu ng' iko kila mahali, ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, kung'aa, majina ya watu pia. Na kuna kitu kilichowachanganya zaidi pale, walikuwepo wafugaji wa ng'ombe wengine ambao kwao batani inafanya kazi vizuri tu! Nikaenda kuangalia herufi zenyewe, kumbe hao walijisajili kwa simu, na kibodi za simu nyingine hugeuza apostrofi ya kawaida kuwa ile iliyopinda, ambayo kwa JavaScript ni herufi kama herufi nyingine, haifungi stringi. Neno moja, ukilisoma kwa macho halina tofauti, moja linaua ukurasa na lingine linapita.

Sasa tuliweke sawa wazo lenyewe, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. Kuna nyakati mbili. Wakati wa kwanza seva inaandika, wakati wa pili brauza inasoma. Seva inapoandika haijui kabisa kwamba inaandika JavaScript, kwake ni maandishi tu, inabandika thamani mahali ulipoiambia ibandike, basi. PHP haitakulalamikia, Python haitakulalamikia, logi ya seva itakuwa safi kabisa imeandika 200, yaani ukurasa umetumwa salama. Kosa linazaliwa wakati wa kwanza na linalia wakati wa pili, na anayelia hajui aliyemzaa. Ndiyo maana ukikaa kwenye templeti unaangalia mapishi wakati unatakiwa uangalie chakula.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kupata maandishi halisi yaliyotumwa, na hapa watu wengi wanakosea kidogo. Ile paneli ya kukagua elementi haikuonyeshi kilichotumwa, inakuonyesha ukurasa ulivyo sasa hivi, baada ya brauza kurekebisha tagi zilizokosewa na baada ya JavaScript yenyewe kubadilisha vitu. Ile ya kuangalia chanzo cha ukurasa ni bora, ila inaweza kuuomba ukurasa upya, na kama ukurasa wako ulikuja baada ya kutuma fomu unaweza kuletewa kitu tofauti na kile kilichokufa. Mahali pa kuaminika ni paneli ya mtandao, fungua kabla ya kurudia tatizo, tafuta ombi husika, soma jibu lake. Hicho ndicho kilichofika.

Ukishakipata, kinakili kipande cha skripti uweke kwenye faili halafu kama una Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya brauza) endesha `node --check faili.js`, itakuambia kama sarufi iko sawa bila kutekeleza kitu. Na kama kuna mtu ambaye kwake inafanya kazi na mwingine ambaye kwake haifanyi, chukua majibu yote mawili uyalinganishe kwa `diff`. Mimi siku hizi naanza na hiyo kabla hata ya kufikiri, maana templeti ni moja, fremuweki ni moja, karibu kila kilichotofautiana kati ya kurasa hizo mbili kimetoka kwenye data, na kosa liko humo kwenye mistari michache. Inapunguza kichaka chote kiwe shina moja.

Haya, sasa mtu akishajua kwamba apostrofi ndiyo mchawi anasema basi nitazikinga, fremuweki yangu inakinga zenyewe. Hapa ndipo penye utelezi na nataka tukae kidogo. Django, Blade ya Laravel, Razor ya ASP.NET na wenzao kwa kawaida wanakinga kwa ajili ya HTML, yaani apostrofi inageuka kuwa `&#x27;` au `&#39;`. Ukiiweka hiyo ndani ya tagi ya script, brauza haiigeuzi kuwa apostrofi, kwa sababu ndani ya script kanuni za HTML za kutafsiri hizo alama hazitumiki, inasoma herufi kama zilivyo. Kwa hiyo skripti haitakufa ila mtumiaji ataona `ng&#x27;ombe` kwenye skrini. Programa anaona uchafu huo, anatafuta namna ya kuuondoa, anaambiwa weka `|safe` (ndiyo inayozima kinga hiyo kwenye Django), anaweka, uchafu unaondoka, anafurahi, na sasa amerudi palepale kwenye apostrofi inayoua, tena safari hii kafungua mlango kwa yeyote anayeweza kujaza fomu aandike JavaScript yake ikimbie kwenye brauza za wenzake. Hilo la mwisho ni shambulio halisi linalotokea, lisichukuliwe kirahisi.

Geuza upande wa pili uone. Weka thamani hiyohiyo kwenye atributi, `onclick="futa('ng&#x27;ombe')"`. Hapa kanuni za HTML zinatumika, brauza inatafsiri `&#x27;` kwanza inakuwa apostrofi, halafu ndiyo inampa JavaScript, na JavaScript inapokea `futa('ng'ombe')`. Imekufa, wakati kwa macho ilionekana imekingwa vizuri kabisa. Herufi moja, kinga moja, sehemu mbili za ukurasa, matokeo yanapingana. Kwa hiyo swali la kujiuliza siku zote ni nani atasoma thamani hii kwanza na nani atafuata, maana kila msomaji anahitaji kinga yake.

Na kuna msomaji mwingine ambaye watu wanamsahau, ni yule anayetafuta mwisho wa tagi. Kabla JavaScript haijasomwa, kisomaji cha HTML kinatafuta `</script>` na hakijali kama imo ndani ya stringi au wapi, kikiikuta kinafunga boksi. Mtu akiandika maelezo yenye maneno hayo, ukurasa unakatika katikati na kilichobaki cha msimbo wako kinamwagika kwenye skrini kama maandishi ya kawaida. Ukiona JavaScript yako inasomeka kwenye ukurasa kama gazeti, usitafute mbali.

Dawa ninayoiamini ni kuacha kabisa kubandika thamani ndani ya msimbo. Data ziende kama data, msimbo ubaki msimbo. Unamwambia seva atengeneze JSON (namna ya kuandika data kama maandishi), anaiweka kwenye tagi ya script yenye `type="application/json"` ambayo brauza haiitekelezi, halafu JavaScript yako iliyo kwenye faili lake la pembeni inaisoma kwa `JSON.parse`. Django wana `json_script` tangu toleo la 2.1 na inageuza `<`, `>` na `&` kuwa namna isiyoweza kufunga tagi. Laravel wana `@json`, Rails wana `json_escape`. PHP tupu ina `json_encode`, ongeza `JSON_HEX_TAG` na wenzake wa `JSON_HEX`. Au kwa vitu vidogo tumia atributi za `data-`, pale kinga ya kawaida ya HTML inatosha kwa sababu msomaji ni mmoja tu. Faida nyingine ambayo haisemwi sana, faili la pembeni halibadiliki kwa kila mtumiaji, kwa hiyo mstari wa 40 ni mstari wa 40 kwa kila mtu na unaweza kuweka alama ya kusimamisha kwenye kifaa cha kudibagi (kutafutia makosa) ikakaa mahali pake.

Tuhamie kwenye makosa ambayo hayapigi kelele, haya kwangu ni mabaya zaidi maana skripti inakimbia ila kwa thamani isiyo sahihi.

Namba zenye desimali. Seva ikiwa imewekewa lugha inayotumia mkato badala ya nukta, 3.14 inaandikwa 3,14. Ukiwa na `var x = 3,14;` una bahati, brauza itapiga kelele. Ukiwa na `weka(3,14)` huna bahati, hiyo ni JavaScript halali kabisa, fankisheni imepewa vitu viwili, 3 na 14, inachukua 3 na maisha yanaendelea. Django inafanya hivi kulingana na lugha ya mtumiaji, C# inafanya hivi kulingana na mipangilio ya seva, PHP ilikuwa inafanya hivi mpaka toleo la 8.0 lilipoacha. Ndiyo ile "mbona kwangu inafanya kazi", kwako lugha ni nyingine.

Namba zinazoanza na sifuri. Namba ya uanachama 0712 ukiibandika bila alama za nukuu, JavaScript ya mtindo wa kawaida inaisoma kwa msingi wa 8 na kukupa 458. Lakini 0789 inakupa 789 kwa sababu 8 na 9 hazimo kwenye msingi wa 8. Fikiria unavyoweza kuhangaika na hiyo, baadhi ya wanachama wanapatikana na baadhi hawapatikani bila mpangilio unaoonekana. Namba ya utambulisho siyo namba ya kujumlisha, ipeleke kama stringi. Hiyohiyo kwa vitambulisho virefu vya databesi, JavaScript inashika namba kamili kwa uhakika mpaka 9007199254740991, ukimpa 9007199254740993 atakurudishia inayoishia na 2, kimyakimya, unafungua rekodi ya mtu mwingine. Na JSON peke yake haikuokoi hapo, ikiwa imo kama namba itapotea vilevile.

Za Python ni rahisi, `None` na `True` zikitoka kama zilivyo brauza inasema `None is not defined` na unajua pa kwenda.

Kuna ujumbe mmoja ambao nautaja haraka kwa sababu unatisha bure, `Unexpected token '<'`. Maana yake karibu kila mara ni kwamba uliomba JavaScript au JSON ukaletewa HTML, na huo `<` ni mwanzo wa ukurasa wa kosa au ukurasa wa kuingia kwa sababu muda wako umeisha na seva imekuhamishia huko. Usiguse JavaScript yako hata kidogo, nenda paneli ya mtandao usome jibu.

Tukija kwenye fremuweki zinazoandika JavaScript na vitambulisho vya elementi zenyewe, hapa kuna desturi zake. ASP.NET Web Forms unaita kisanduku `txtJina`, kwenye ukurasa kinatoka na kitu kama `ctl00_Maudhui_txtJina`, kwa sababu kila chombo kinachokibeba kinaongeza jina lake mbele, na `getElementById('txtJina')` inarudisha `null`. Leo ikiwa sawa, kesho mtu akikihamishia ndani ya paneli nyingine jina linabadilika. Tangu .NET 4 ya 2010 kuna `ClientIDMode`, ukiiweka `Static` jina linabaki kama ulivyoliandika, au mwache seva akuambie jina lenyewe kupitia `ClientID`. JSF wao wanaunganisha kwa nukta mbili, `fomu:jina`, na `getElementById` inaikubali bila shida ila `querySelector('#fomu:jina')` inakataa kwa sababu kwenye CSS nukta mbili ina maana yake, inabidi uikinge, `'#fomu\\:jina'`. Hizi zote zinaonekana mara moja ukisoma kilichotumwa, ukisoma templeti huzioni kabisa.

Halafu kuna vipande vinavyokuja baadaye, ukurasa uko tayari na seva inatuma sehemu ndogo ya kubadilisha. Hapa kosa linabadilika sura, mara ya kwanza kila kitu kinafanya kazi, ukibonyeza mara moja batani zinakufa. Sababu ni kwamba zile batani za zamani zimetupwa pamoja na visikilizi vyake (msimbo unaosubiri zibonyezwe) na mpya zimekuja tupu. Na kama kipande kilikuja na skripti ndani yake kikabandikwa kwa `innerHTML`, skripti hiyo haikimbii, ndivyo kiwango cha HTML kinavyosema, ingawa `.html()` ya jQuery (maktaba ya JavaScript) inazikimbiza, kwa hiyo mtu akiondoa jQuery na kuweka `innerHTML` akidhani ni kitu kilekile anavunja kurasa ambazo hajazigusa. Kwenye Rails yenye Turbo, inayobadilisha ukurasa bila kuupakia upya wote, `DOMContentLoaded` (ishara kwamba ukurasa uko tayari) inatokea mara moja tu, kurasa zinazofuata unasikiliza `turbo:load`. Kwenye UpdatePanel ya Web Forms (paneli inayobadilisha sehemu moja tu ya ukurasa), skripti ya kuanzia isajili kwa `ScriptManager.RegisterStartupScript`, ile ya `ClientScript` haitafika kwenye majibu ya vipande. Njia tulivu kuliko zote ni kuweka kisikilizi kimoja juu kwa mzazi asiyebadilishwa, yeye apokee mbonyezo wa mtoto yeyote, wa sasa na atakayekuja.

Na skripti zilizokuja hivyo zikikosea, Chrome inakuonyesha jina kama `VM318:1`, faili ambalo halipo popote kwenye mradi wako. Mwambie seva amalizie kila kipande cha skripti anachotuma kwa mstari kama huu:

`//# sourceURL=orodha-ya-wanachama.js`

Kuanzia hapo kosa linakuja na jina, unaweza kulifungua na kusimamisha ndani yake.

Kule kwenye mfumo wa wanachama tulipomaliza batani moja nilitafuta `'<?php echo` kwenye mradi mzima nikakuta sehemu nyingine nyingi za namna ileile, zote tukazihamishia kwenye JSON. Kisha kwenye databesi ya majaribio tukaweka mwanachama mmoja wa kudumu: kazi yake ni mfugaji wa ng'ombe, namba yake ni 0712, maelezo yake yana `</script>` na alama ya nukuu pacha na mstari mpya katikati, michango yake ina desimali, na tarehe yake ya kuzaliwa haijajazwa. Kila ukurasa mpya unafunguliwa kwanza kwa akaunti yake, konsoli ikiwa wazi, kabla haujaenda kwa mtu mwingine yeyote.